Usimpeleke mwanao kwenye hicho kituo

Mama wa Nakuru,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kijana wako wa miaka 19 amekwambia anavutiwa na wanaume wenzake, na kwamba hajawahi kuhisi vingine. Dada yako amekutafutia kituo cha maombi kinachoahidi kumbadilisha kwa siku 40, na amana umeshalipa. Unauliza kama amezaliwa hivyo au ni kwa kuwa ulimlea bila baba, na kama kweli watambadilisha.

Nianze na la baba, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Zamani walikuwepo madaktari wa akili waliofundisha kwamba chanzo ni mama kumng'ang'ania mtoto na baba kuwa mbali. Halijathibitika. Hesabu nyumba za mtaani kwako zinazolelewa na mama peke yake, kisha ujijibu. Hukumharibu mwanao, mama.

Kuhusu kuzaliwa hivyo, mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya karibu watu 500,000. Hawakuona kinasaba kimoja kinachoamua. Waliona vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, na mengine hayakutokana na vinasaba. Wapo wanaodakia hapo: basi ni tabia, aiache. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashoto pia hayana kinasaba kimoja, lakini ni mtoto gani aliyeyachagua? Tuliosoma zamani tunawakumbuka wenzetu waliochapwa mpaka wakaandika kwa mkono wa kulia. Waliandika, ila jiwe waliendelea kulirusha kwa kushoto.

Sasa hicho kituo. Marekani kulikuwa na shirika la Kikristo, Exodus International, lililoanza mwaka 1976 likiahidi mabadiliko hayohayo. Wengi waliokwenda huko walikuwa waumini waliotaka kwa moyo wote kubadilika. Walifunga, waliomba, wengine wakaoa. Mwaka 2012 kiongozi wake, Alan Chambers, alikiri kwamba asilimia 99.9 ya aliokutana nao hawakubadilika. Mwaka uliofuata aliwaomba radhi walioumizwa, na shirika likafungwa. Daktari Robert Spitzer naye, ambaye utafiti wake ulikuwa ukitajwa kama ushahidi kwamba watu hubadilika, aliomba radhi mwaka huohuo wa 2012. Kama waliojitolea wenyewe kwa miaka hawakubadilika, mwanao atabadilishwa na siku 40 za kulazimishwa? Waliopitia mambo hayo wengi hutoka na sonona, na wapo wanaofikia kutaka kujiua. Hilo ndilo linalonitisha.

Kumwombea, mwombee. Hakuna wa kukukataza, na imani yako siigusi. Ila usimkabidhi kwa watu wasiomjua wakaishika siri yake. Sheria yetu ya Kenya bado inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo lenyewe, na wapo wanaoishi kwa kuwatisha vijana kama yeye ili watoe pesa. Mwambie dada yako aache kulisimulia. Wewe pia, mjomba wake asijue kutoka kinywani mwako. Mwanao mwenyewe ndiye wa kuamua nani aambiwe.

Umeandika kwamba tangu siku ile hali mezani nanyi. Leo mpelekee chakula chumbani, ukae naye, na usimuulize kitu. Ile amana idai kesho asubuhi. Wakikataa kuirudisha, achana nayo.

Shangazi