Maswali yenu kuhusu maafa: hasara ya nani imehesabiwa?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini maafa yanayofanana yanafilisi nchi moja na nyingine ikainuka. Nimechagua chache.

Kila mwaka nasikia Marekani inaongoza kwa hasara. Ndiyo inayopigwa zaidi? (Msomaji, Dodoma)

Ndiyo yenye mali nyingi ya kuharibika, na kila mali ina bei iliyoandikwa mahali. Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kiliua watu wapatao 1,800 na kuharibu mali ya dola bilioni 125 hivi. Kimbunga Nargis kilipoipiga Myanmar mwaka 2008, hasara ilitajwa kuwa kama dola bilioni 4, lakini waliokufa na kupotea walizidi 130,000. Ukizipanga nchi hizo kwa dola, utadhani Myanmar ilinusurika.

Nimelisema hili na sitachoka: hesabu ya dola huona ghorofa la ufukweni kabla haijaona kibanda. Baada ya mafuriko fulani hapa Dar es Salaam nilimkuta mama ameanika mahindi yaliyolowa juu ya turubai. Pembeni yake kulikuwa na cherehani, tope limeingia mpaka kwenye bobini. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za watoto. Hana risiti, hana bima, na hakuna aliyefika na daftari kumuuliza. Kwenye takwimu, mama yule hakupoteza kitu.

Haiti iliteketea kwa tetemeko mwaka 2010. Wapo wanaosema nchi ile imelaaniwa. (Msomaji, Tabora)

Swali hili nimeletewa mara nyingi mno, naomba leo tulizike. Haiti ilipigwa tarehe 12 Januari na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Wiki sita baadaye, 27 Februari, Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati kubwa zaidi mara mamia. Chile walikufa watu mia tano na kitu. Haiti, hata makadirio ya chini ni makumi ya maelfu, na serikali yenyewe ilitaja zaidi ya 200,000. Kwa fedha, Chile ilipoteza dola bilioni 30 hivi, Haiti karibu bilioni 8. Ila bilioni 8 hizo zilizidi pato zima la Haiti la mwaka, wakati hasara ya Chile haikufika moja ya tano ya pato lake.

Ni kweli la Haiti lilipasuka kwenye kina kifupi, jirani na Port-au-Prince, na la Chile lilianzia baharini. Hilo linaeleza sehemu tu. Chile ilifundishwa na tetemeko la 9.5 la mwaka 1960, ikakaza kanuni za ujenzi, na sheria yake inambana mwenye mradi kwa kasoro za muundo wa jengo kwa miaka 10, hata kama ameshaliuza. Port-au-Prince ilijaa slabu nzito juu ya nguzo nyembamba, na hakuna aliyekagua. Mwenye kutafuta laana aitafute kwenye zege lililobaniwa simenti.

Basi tukitunga sheria kali kama za Chile, tutakuwa salama?

Uturuki ilikuwa nazo baada ya tetemeko la 1999. Mwaka 2018 ikatoa msamaha: mwenye jengo lililokiuka kanuni alipe ada, aachwe. Februari 2023 ardhi ikatikisika, wakafa zaidi ya watu 50,000 nchini humo. Hapa kwetu pia wapo wanaogonga muhuri kwenye ramani bila kwenda kuona nondo za msingi. Nawasihi waende.

Kama kila kitu ni fedha, maskini afanye nini? (Msomaji, Kigoma)

Si kila kitu. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua wapatao 3,400. Katikati ya miaka hiyo walijenga majengo ya kukimbilia, yamesimama juu ya nguzo za zege, na wakafunza maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti. Roho ziliokoka. Nyumba, mashua na ng'ombe vilisombwa vilevile.

Nilisoma kisiwa kilipata hasara ya asilimia 226 ya pato la taifa. Wamekosea kuchapa?

Hawakukosea. Ni Dominica, Kimbunga Maria, 2017. Pato ni la mwaka mmoja. Nyumba na barabara ni jasho la miaka mingi. Kisiwa kidogo kimbunga hukifunika chote, hakibaki na mkoa mzima wa kuulisha ule ulioumia. Unguja ilionja hayo Aprili 1872, tufani ilipong'oa mikarafuu yake, na Pemba iliyosalimika kwa kiasi kikubwa ndiyo ikashika uongozi wa karafuu.

Maafa si yanakuza uchumi, maana ujenzi mpya unaleta ajira?

Hapana. Pato la taifa huhesabu ukuta unaojengwa upya, haliutoi ule ulioanguka.

Mji wa Christchurch, New Zealand, uliinukaje baada ya tetemeko?

Kwa bima. Tangu mwaka 1945 New Zealand ina mfuko wa serikali wa matetemeko, na tetemeko la Februari 2011 lilipoua watu 185, sehemu kubwa ya hasara ililipwa na bima, zikiwemo kampuni za nje. Mivutano ya madai iliendelea miaka, lakini fedha ilikuwepo. Kagera, baada ya tetemeko la Septemba 2016, wengi walijenga upya kwa kuuza ng'ombe na kwa michango ya ndugu. Mwenye mkopo wa nyumba asome mkataba wake leo: bima ya moto si lazima ibebe tetemeko wala mafuriko.

Nimepata kiwanja chenye nyumba kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, bei poa. Majirani wanasema maji hayajafika miaka sita. Ninunue?

Usinunue. Miaka sita si kitu kwa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde hilohilo, serikali ikawapa viwanja Mabwepande. Kama huniamini, ingia ndani ya nyumba hiyo, sogeza kabati, tazama kama ukuta wa nyuma yake una alama ya maji. Wauzaji hupaka rangi kunakoonekana.