Maswali ya Wasomaji: Klachi za Pikipiki za Zamani

Swali: Shikamooni mafundi. Nimerithi Honda CG125 ya marehemu babu, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikaa stoo muda mrefu. Injini inawaka vizuri, lakini nikishika klachi na kuingiza gia ya kwanza, inaruka mbele na kuzima. Ikishapata moto inapungua kidogo, ila kupata free (gia isiyovuta) nikiwa nimesimama ni kazi. Fundi wa hapa kasema ninunue klachi nzima. Ni lazima? *Msomaji, Moshi*

Jibu: Marahaba. Si lazima, na hela yako usiitoe bado. Hiyo ni klachi isiyoachia, na watu wengi huichanganya na klachi inayoteleza. Inayoteleza aghalabu imechakaa na inadai vipuri. Isiyoachia mara nyingi inadai kurekebishwa na kusafishwa tu.

Anza kwenye mkono wa klachi. Ncha yake itembee milimita 10 hadi 20 kabla waya haujakaza. Ikizidi hapo, hata ukivuta mpaka mwisho pleti (sahani nyembamba za klachi zinazobanana kupitisha nguvu ya injini) hazitaachana vya kutosha. Punguza ulegevu kwenye nati mbili za chini, kwenye injini, kisha malizia na kirekebishi cha juu. Mwambie mtu avute mkono wa klachi huku wewe ukiangalia kijimkono cha kwenye injini. Kama mkono unavutwa hadi mwisho na kijimkono kinasogea kidogo sana, waya umevutika au gamba lake la nje limebonyea, nao unabadilishwa. Kama waya ni mzima ila mkavu, ufungue juu, uzungushie mfuko wa nailoni mdogo uwe kama mrija, umimine oili nyepesi mpaka idondoke upande wa chini.

Pili, badilisha oili. Klachi ya CG inaogelea kwenye oili ya injini, na oili iliyokaa muda mrefu huganda kama gundi kati ya pleti. Kule kupungua kwa tatizo injini ikipata moto kunatuelekeza huko. Mwaga ya zamani ikiwa ya moto, weka mpya karibu lita moja, SAE 10W-30 au 20W-40, kisha pima kwa kijiti. Kwenye Honda hii kijiti hakizungushwi wakati wa kupima. Kinaegeshwa tu juu ya tundu.

Sasa zibandue pleti. Zima injini, ingiza gia ya pili, shika klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Gurudumu likigoma kabisa, zimegandana. Isimamishe kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma lisiguse chini, uwe mahali wazi pasipo na mtu mbele yako. Washa, acha injini ipate moto, ingiza gia ya pili taratibu, kisha shika klachi na ukanyage breki ya nyuma. Rudia mara kadhaa. Nyingi huachia hapo.

Ikikataa, ndipo ufungue. Mwaga oili, toa kiki na chochote kinachozuia kifuniko cha kulia, uchomoe waya wa klachi. Bolti za kifuniko zina urefu tofauti. Zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kifuniko, kila moja mahali pake, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hupasua alumini. Ndani utaona bolti nne zilizoshika sahani ya juu na springi nne. Zilegeze kwa kupishana kidogo kidogo, zisipinde sahani. Kwenye injini hii bado pleti hazitoki, kwa sababu sahani ya kubana iko nyuma yake. Lazima utoe kilipu kinachofunga kitovu kwenye shafti, kwa koleo ya kilipu na si kwa bisibisi, ndipo kitovu na pleti vije pamoja. Piga picha ya mpangilio kabla hujatenganisha.

Pima pleti za msuguano kwa kalipa. Mpya ina milimita 2.9 hadi 3, na ikishuka hadi 2.6 muda wake umekwisha. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo. Kama geji (kijibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.20 inapita chini ya ukingo, imepinda, na pleti iliyopinda haiwezi kuachia hata urekebishe waya siku nzima. Rangi ya bluu ni alama ya kuungua.

Kisha angalia kitu ambacho wengi hawakiangalii, na tunakisisitiza kwa sababu ndicho kinachofanya watu wanunue pleti mpya halafu walalamike kwamba ni feki: vidole vya bakuli la nje. Kila pleti ya msuguano ina masikio yanayokaa kati ya vidole hivyo. Kwa miaka, masikio huchimba vijishimo kwenye alumini. Ukishika klachi, pleti inatakiwa iteleze pembeni, lakini sikio limenasa shimoni. Pleti mpya nazo zitanasa hapo hapo. Vijishimo vyepesi vilainishe kwa tupa bapa, ukipiga sawasawa kila kidole na kuondoa kidogo iwezekanavyo. Vikizidi nusu milimita, tafuta bakuli jingine. Angalia na meno ya kitovu, ambako pleti za chuma hukaa.

Pleti mpya zilowekwe kwenye oili safi usiku mzima kabla ya kufungwa. Ukizifunga kavu zinaungua dakika za mwanzo. Vipuri vya CG vya kunakili viko tele na vingi vinafaa, lakini hesabu idadi ya pleti na ulinganishe kipenyo na upana wa masikio na zako kabla ya kulipa, kwa kuwa si nakala zote zina klachi sawa. Bolti nne za springi zikaze kwa kupishana, kiasi cha Nm 10. Zimeshikilia kwenye alumini, nguvu za mkono mmoja zinatosha. Kifuniko kipate gasketi mpya.

Swali: Mimi yangu ni CG pia. Baada ya kubadilisha oili, nikipanda mlima injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki. Oili niliyoweka ni nzuri na ya bei, ya gari. *Msomaji, Machakos*

Jibu: Bei haina kosa, kosa ni matumizi. Oili nyingi nyepesi za magari, hasa 0W-20 na 5W-30, zina viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Soma mgongo wa chupa. Ukiona maneno ya Kiingereza "Energy Conserving" au "Resource Conserving", usiiweke. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, yaani kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. JASO MB imekusudiwa skuta zisizo na klachi ndani ya oili.

Imwage, weka ya MA, tembea siku chache bila kubeba mzigo, imwage tena na uweke nyingine. Mara nyingi pleti hurudi. Kabla ya hapo hakikisha mkono wa klachi una ule ulegevu wa milimita 10, kwa sababu waya uliokazwa mno nao hufanya klachi iteleze na kuunguza pleti. Ikiendelea baada ya oili ya pili, pima pleti, na springi zote nne uzibadilishe kwa pamoja.

Swali: Nina Triumph Bonneville 650 ya 1967. Kila asubuhi gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Nifungue? *Msomaji, Coventry*

Jibu: Bado. Hiyo ni tabia ya klachi za Meriden (kiwanda cha Triumph) zikilala. Kabla ya kuwasha, shika klachi na upige kiki mara mbili tatu swichi ikiwa imezimwa, pleti ziachane.

Kishindo kikibaki, rekebisha fimbo ya kusukuma. Legeza waya kabisa, fungua nati ya katikati ya klachi, zungusha skrubu ndani mpaka sahani ianze kuinuka, kisha irudishe mzunguko mmoja kamili na ufunge. Waya urudishe ukiacha milimita 3 za ulegevu. Halafu shika klachi, piga kiki polepole na utazame sahani ikizunguka. Ikiyumba, kaza au legeza nati za springi tatu mpaka izunguke bila kuyumba. Hili la kuyumba ndilo chanzo cha malalamiko mengi kwenye Triumph. Kasha la cheni ya ndani, ile inayotoka injini hadi klachi, la mwaka wako linachukua mililita 350 za SAE 20 na lina oili yake peke yake, kwa hiyo usikisie kwa kutazama oili ya injini.

Swali: Honda C70 haina mkono wa klachi. Ikikataa kuachia, narekebisha wapi? *Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Kwenye kifuniko cha kulia kuna nati yenye skrubu katikati. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati, zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja, irudishe kushoto taratibu mpaka uhisi imegusa, kisha kulia tena robo ya nusu mzunguko. Shikilia skrubu isizunguke unapokaza nati. Jaribu kupiga kiki ikiwa free, kisha ingiza gia ya kwanza injini ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma taratibu bila kuongezwa moto). Ikivuta, hakikisha kwanza mzunguko wa sailensa hauko juu, kwa sababu klachi hii hushika kwa mwendo wa injini na haitaachia kama injini inakimbia.