Muulize Kocha: Pandikizi la Mtu au Mwenye Mbio?

SWALI: Kocha, pokea salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mhadhiri ambaye pia hufundisha timu ya hoki ya wanaume ya chuo chetu, na mwaka huu tumepewa nafasi moja tu ya ufadhili wa karo kwa mchezaji anayetoka kidato cha nne. Nimebaki na vijana wawili. Mmoja ni beki wa sentimita 188 na kilo 84, ambaye akiupiga mpira kutoka nyuma unavuka nusu ya uwanja. Mwingine ni winga wa sentimita 165 na kilo 57, na sijaona beki wa shule aliyemfikia akishatangulia hatua mbili. Msaidizi wangu, ambaye hufuatilia hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani, anashikilia kwamba kimo ndicho cha kutazamwa kwanza, kwa kuwa mbio zinaweza kufunzwa ilhali kimo hakifunzwi. Moyo wangu uko kwa yule mdogo, lakini sitaki kuamua kwa moyo. Wewe ungemchukua nani? – Mkufunzi, Kakamega

JIBU: Mwalimu, hoja ya msaidizi wako ina uzito, ila ameiazima kutoka kwa mchezo unaofanana na wetu kwa jina kuliko kwa sheria. Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, kipa akiwemo, katika uwanja wa takriban mita 61 kwa 26 uliozungushiwa kuta, na wanaume huruhusiwa kumgonga kwa bega mpinzani aliye na kile kisahani cha mpira mgumu hadi abanike ukutani. Mahali kama hapo kilo ni silaha. Sisi tunacheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja katika mita 91.4 kwa 55, na anayemsukuma mwenzake kwa mwili hupulizwa filimbi papo hapo.

Hata huko barafuni, wadogo wenye mbio wamewaumbua wengi. Martin St. Louis, mwenye sentimita 173 hivi, alimaliza Chuo Kikuu cha Vermont bila klabu yoyote ya ligi kuu ya NHL kumchagua katika usajili wa vijana, kisha mwaka 2004 akatwaa tuzo ya mchezaji wa thamani zaidi wa ligi hiyo pamoja na Kombe la Stanley akiwa na Tampa Bay Lightning. Johnny Gaudreau, ambaye hakumzidi sana kwa urefu, alishinda tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2014 akiwa Boston College. Tena kumbuka kwamba kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza huko kiliruhusiwa kugawa ufadhili kamili hadi 18 kwa timu ya wanaume, kwa hiyo kocha angeweza kumweka pandikizi benchi misimu miwili akisubiri miguu yake ichangamke. Wewe una nafasi moja, na wengine wote utaletewa na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, kwa alama za mtihani wa KCSE, wawe wanajua kushika gongo au hawajui.

Sheria za hoki yetu nazo zimekuwa zikiegemea upande wa wenye mbio. Kenya ilipomaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971, mpira ulichezwa kwenye nyasi za kawaida na sheria ya kuotea ilikuwa bado hai. Nyasi bandia ziliingia Olimpiki mwaka 1976 kule Montreal, kuotea kukafutwa moja kwa moja mwaka 1998, na tangu mwaka 2009 anayepewa mpira wa adhabu anaweza kujianzishia mwenyewe bila kumpasia mwenzake. Beki anayehitaji sekunde mbili kugeuka huadhibiwa na kila moja ya mabadiliko hayo, kwa sababu mshambulizi anaweza kumsubiri nyuma yake, na refa akishapuliza filimbi mpira huwa umeondoka kabla hajainua kichwa.

Hata hivyo, usidanganyike na neno mbio. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na timu ya chuo kimoja hapa Kisumu, nilimsajili kijana aliyekuwa akitamba katika mita 100 mashindanoni, nikajipongeza kwamba nimeokota almasi. Siku ya mechi alipokea mpira pembeni, akainua kiwiliwili kama alivyozoea kwenye riadha, akafyatuka hatua tatu, na mpira ukabaki nyuma yake umetulia kwenye nyasi kama yai. Ilimbidi arudi kuufuata. Alipojaribu kukimbia ameinama, gongo mikononi, alikuwa kama mtu anayetafuta shilingi iliyomwanguka. Mara moja alipofaulu kwenda na mpira alikwenda nao hadi ukautoka uwanja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ni mstari wa nyuma.

Kwa hiyo wapime vijana wako hivi. Weka koni mbili, mita 20 kati yake, na nyingine mita 5 kutoka mwanzo. Kila mmoja akimbie mara tatu bila mpira, kisha mara tatu akiuongoza mpira kwa gongo, na wewe uangalie tofauti kati ya nyakati hizo mbili badala ya kuangalia nani kamshinda nani. Kijana ambaye mpira haumchelewishi sana ndiye mwenye kasi ya hoki. Zile mita 5 za kwanza zina thamani kuliko 15 zinazofuata, maana ni nadra mchezaji kupata nafasi ya kunyoosha mbio bila mtu mbele yake. Ukimaliza, warudishe wakimbie mara nane, wakipumzika sekunde 20 tu kila mara, uone ile ya nane inafananaje na ya kwanza. Robo ya mchezo ni dakika 15, na winga anayeng'aa dakika nne kisha akashika kiuno si mchezaji wa kulipiwa karo.

Sasa nimtetee yule mkubwa, kwa kuwa wapenzi wa mbio humdhulumu. Mikono mirefu pamoja na gongo la karibu mita moja humwezesha beki kunyakua mpira bila kuusogelea. Katika kona ya penalti, yaani adhabu inayoanzishwa kutoka mstari wa nyuma karibu na lango, ambapo walinzi huwa watano tu, kipa akiwemo, mpigo wa kwanza ukiwa wa kugonga haufai kuvuka mstari wa goli juu ya sentimita 46, ilhali ule wa kuuburuta mpira kwa gongo na kuurusha unaweza kwenda hadi chini ya mwamba. Mtu mwenye hatua ndefu na mgongo wenye nguvu huuburuta kwa umbali mkubwa zaidi kabla ya kuuachia, na kila sentimita ya ziada humwongezea kasi. Tena viwanja vyetu vingi vya magharibi ni vya nyasi. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikishanyesha, mpira wa gramu 160 hukwama, pasi za kusukuma hufia njiani, na siku hiyo anayeweza kuupiga ukavuka katikati ndiye anayeiokoa timu. Ukiwa na ratiba ya mechi zenu, hesabu ngapi zitachezwa kwenye nyasi bandia na ngapi kwenye nyasi za kawaida. Zikiwa nyingi ni za nyasi za kawaida, uamuzi wako unabadilika kidogo, ingawa si sana.

Jambo jingine ni umri. Katika mashindano ya shule za upili, hata kwenye shule zenye desturi ndefu ya hoki kama Kamusinga, Musingu na St. Anthony's Kitale, kijana aliyebalehe mapema huonekana jabali mbele ya wenzake, kumbe baada ya miaka miwili wamemfikia. Kama beki wako alikuwa na kimo hicho tangu kidato cha pili, huenda unanunua kitu ambacho wenzake watakipata bure. Mimi nikienda kumwona mzazi huwa nawachunguza wajomba kwa jicho la pembeni. Si sayansi, lakini haijaniangusha mara nyingi.

Ningemchukua winga, endapo tofauti yake ya nyakati ni ndogo na ile mara ya nane haikumvunja. Kabla hujatia sahihi, nenda ukamtazame mechi moja zaidi, na usimfuate akiwa na mpira. Mtazame anapoupoteza. Akigeuka pale pale na kumfukuza aliyemnyang'anya, mpe karo. Akisimama na kumtupia refa mikono, mpigie simu yule beki, na umwambie aje na viatu vya mazoezi kwa ajili ya zile mita 5.

SWALI: Kocha, mimi ni kipa wa timu ya wanawake, mwaka wa pili, na urefu wangu ni sentimita 155. Kocha wetu mpya anataka nihamie mbele kwa kuwa eti lango limenizidi. Nikubali? – Msomaji wa kike, Kisumu

JIBU: Binti yangu, lango lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, kwa hiyo limemzidi kila kipa duniani. Kipa mfupi hulipunguza kwa kusonga mbele kumfuata mpigaji, na hilo linahitaji miguu myepesi, si urefu. Utaumizwa na mipira ya kurushwa juu kwenye kona ya penalti, nami sitakuficha hilo. Mwombe kocha muandike pamoja, kwa mechi tano, kila goli ulilofungwa lilipita wapi. Yakiwa mengi yamepita chini, karibu na miguu, kimo chako hakihusiki, na yeye mwenyewe ataliona.

SWALI: Nina kijana mwenye mbio sana lakini mwembamba. Vyuo vinavyokuja kumtazama vinasema aongeze mwili kwanza. Nimnenepeshe? – Mwalimu wa michezo, Nakuru

JIBU: Mwongezee nguvu, usimnenepeshe. Ugali, maharagwe, omena, mayai na maziwa vinatosha, pamoja na mazoezi ya kuchuchumaa na vyuma mara mbili kwa wiki chini ya uangalizi wako. Kila Jumatatu mpime uzito, kisha mpime muda wa mita 5. Kilo zikipanda na muda ukabaki pale pale, endelea. Muda ukianza kurefuka, punguza vyuma na umrudishie mpira.