Gausi "elfu kumi na tano" ni ngapi?

Swali: Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili tangazo la mlangoni mwa chumba cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Nguvu ya sumaku hutajwa kwa gausi katika maandishi ya zamani na kwa tesla katika mapya, nami nataka vyote viwili vionekane. Nimeandika "1.5 tesla, yaani gausi elfu kumi na tano". Mwenzangu anadai nimekosea mara mbili: kwanza tesla ilipaswa kutangulia namba, pili "elfu kumi na tano" ni 10,005. Ni kweli?

Jibu: Kuhusu tesla, mwenzako yuko sahihi. Kiswahili hutaja kwanza kitu kinachohesabiwa, kisha idadi yake: mita tatu, lita tano, kilo kumi. Basi ni tesla 1.5, na ukiisoma kwa sauti utasema "tesla moja nukta tano" au "tesla moja na nusu". Vipimo hivi huingia katika ngeli ya I-ZI, kama volti na wati, kwa hiyo tesla mbili, gausi nyingi, gausi hizi. Zinazotangulia ni nusu na robo: nusu lita, robo kilo. Ndiyo maana gausi tano tunaweza kuziita nusu militesla (militesla ni sehemu moja ya elfu ya tesla) bila kuvunja kanuni yoyote.

Umefanya vizuri kuandika gausi kwa herufi ndogo na kwa irabu mwishoni. Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani, abaki na jina lake kama alivyopewa. Kipimo kilichotokana na jina hilo kimeshakuwa neno letu, kama wati ilivyotoka kwa Watt na volti kwa Volta. Tesla ilikuja na irabu yake, haihitaji kuguswa. Alama zake, T na G, ni za dunia nzima, ziache zilivyo.

Sasa elfu. Hapa mwenzako ana haki ya kulalamika, ingawa nawe hukukosea. "Elfu kumi na tano" kwa wasemaji wengi ni 15,000. Lakini "elfu tatu na tano" ni 3,005, hakuna anayebisha. Kwa mantiki hiyohiyo, "elfu kumi na tano" inaweza kuwa elfu kumi, kisha tano: 10,005. Kinacholeta utata ni hiyo "na". Ndani ya "kumi na tano" inaunganisha sehemu za namba moja, na baada ya elfu inaongeza masalio. Sikio haliwezi kujua ni kazi gani kati ya hizo mbili inayofanyika.

Sokoni hatusumbuki. Muuza viatu akitaja elfu kumi na tano, hakuna mteja anayedhani anaombwa shilingi kumi elfu na sarafu ya tano juu yake. Bei yenyewe inatufasiria. Katika vipimo vya kisayansi msaada huo haupo, kwa sababu 10,005 nayo ni namba halali kabisa. Tesla moja ni gausi 10,000, kwa hiyo kutoka gausi kwenda tesla unagawanya kwa 10,000. Gausi 15,000 zinatoa tesla 1.5, gausi 10,005 zinatoa tesla 1.0005. Msomaji anayekuelewa vibaya amepunguza theluthi nzima ya nguvu ya sumaku, na hakuna neno hata moja ulilokosea.

Ushauri wangu ni kuipeleka elfu mwisho: gausi kumi na tano elfu. Hapo "na" imefungiwa ndani ya kumi na tano, haina pa kutorokea. Na kama kweli unataka 10,005, sema "elfu kumi, na tano", ukipumua penye mkato. Njia nyingine naipenda zaidi kwa mafundi: kilogausi kumi na tano, kwani kilogausi moja ni gausi elfu moja. Iandike neno moja, maana kilo ikisimama peke yake kwetu ni ya unga na sukari. Mashine ya tesla 3 haina shida hii. Elfu thelathini ni elfu thelathini.

Umeniuliza lugha, lakini nikueleze na hiyo 10,000 inatoka wapi, maana watu hukosea sifuri. Gausi huhesabu mistari ya sumaku inayopita katika sentimita moja ya mraba. Tesla, iliyoingizwa katika mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960, huangalia mita moja ya mraba, yenye sentimita za mraba 10,000, na huhesabu kwa weba, ambayo ni sawa na mistari milioni mia moja. Gawanya milioni mia moja kwa 10,000, unabaki na 10,000.

Ili upate picha: sumaku ya dunia karibu na ikweta ni kama theluthi ya gausi moja, yaani maikrotesla (sehemu za milioni za tesla) 33 hivi. Hiyo ndiyo inayogeuza sindano ya dira. Ya chumbani kwako inaizidi zaidi ya mara 40,000.

Mlangoni ningeandika hivi, kwa tarakimu, ili elfu isipate nafasi ya kumchanganya mtu:

HATARI. Ndani kuna sumaku ya tesla 1.5 (gausi 15,000). Inafanya kazi usiku na mchana, hata mashine ikiwa kimya. Usiingie na kitu cha chuma. Mwenye kifaa cha umeme cha kuratibu mapigo ya moyo asivuke mstari wa gausi 5 (militesla 0.5) kabla ya kuzungumza na mhudumu.