Jibu: Kwa nini Ruaha Mkuu hukauka hifadhini?

Salaam mkuu. Unauliza kwa nini mto Ruaha Mkuu unakauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilhali mvua ilinyesha vizuri Msembe, makao makuu ya hifadhi. Mvua ya Msembe iache kwanza. Maji ya kiangazi hutoka milima ya Uporoto na Kipengere, hupita kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, kisha hutulia kwenye kinamasi cha Ihefu. Maji hutoka Ihefu kupitia Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba: maji yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto unakatika. Ndivyo inavyotokea tangu 1993. Kwa hiyo anza na kina cha maji pale. Mimi nilifika Oktoba nikakuta tembo wamechimba visima mchangani, maji yakijaa polepole, huku viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope. Inauma sana kuona.