Kijana wako wa kanisani anarusha mpira vizuri? Usimwachie kocha peke yake

Wazazi wenzangu tuliotoka Fizi, Uvira, Baraka, wengine tumekulia kambini Nyarugusu halafu tukajikuta huku Boise, Idaho, Marekani, leo naongea na wewe ambaye kocha wa shule amekupigia simu anasema kijana wako anarusha mpira kwa kasi kuliko wenzake wote na wanataka awe pitcha wa besiboli. Mimi hiyo simu nimeshaipokea, na baada ya ile simu nikaanza kusikia maneno pande zote mbili. Kanisani wazee wanasema besiboli itakula Jumapili za mtoto, atazoea bia na tumbaku, ataacha kuimba kwaya. Kazini watu wanasema mwache, huyo ni milionea wa kesho, usimzuie na mambo yenu ya dini. Sasa mimi nimeona wazazi wengi wetu wanachukua njia moja kati ya hizo mbili, ama wanamkataza kabisa, ama wanamkabidhi kwa kocha wanasema hayo mambo ya huku sisi hatuyajui watajuana wenyewe, na kwa kweli zote mbili zinamuumiza mtoto.

Kwa ambaye hajui huu mchezo, maana sisi tumekua na futiboli tu, pitcha ndo yule anayesimama katikati juu ya kichuguu kidogo anamrushia mpira mpigaji wa timu nyingine. Kila kitu kinaanzia kwake. Akiwa vizuri timu inashinda hata kama wengine wamelala, na kwa sababu hiyo makocha wanampenda sana na wanataka arushe kila siku. Hapo ndipo hatari ilipo, nitarudi.

Kwanza nataka niwape habari za pitcha mmoja wa hapa hapa kwetu aliyefika ligi kuu. Vernon Law alizaliwa Meridian mwaka 1930. Meridian mnaijua, ukitoka Boise unaendesha dakika chache tu umefika, sasa hivi ni nyumba mpya na foleni lakini wakati ule ilikuwa mashamba na ng'ombe wa maziwa. Familia yake walikuwa Wamormoni kweli kweli, wale wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawavuti sigara, hawanywi pombe, hata kahawa hawagusi. Watoto wao wa kiume wanapewa ushemasi wakiwa bado wadogo, wakati ule miaka 12, na yeye alivyofika kwenye timu kubwa wachezaji wenzake wakawa wanamuita Shemasi mpaka anastaafu.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 18, maskauti, yaani watu wa timu wanaotafuta vipaji, wa timu nyingi walipanga foleni nyumbani kwa wazazi wake. Kuna kisa ambacho Law mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Mwanasheria mmoja wa Idaho anaitwa Herman Welker, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta, alikuwa rafiki wa mwimbaji Bing Crosby, na Crosby alikuwa na hisa kwenye timu ya Pittsburgh Pirates. Basi watu wa Pittsburgh wakawapa maskauti wa timu nyingine sigara kubwa waingie nazo, kwenye nyumba ya Wamormoni! Watu wa Pittsburgh wao wakaingia na maua na chokoleti za mama. Halafu wakiwa bado wamekaa simu ikalia, ni Bing Crosby mwenyewe anataka kuongea na mama, anamwahidi kwamba kijana akifika World Series, yaani fainali ya ligi kuu, yeye atagharamia wazazi waende kumwangalia. Kijana akasaini Pittsburgh.

Watu huwa wanacheka hicho kisa na kweli kinachekesha, lakini mimi kama mzazi nakiangalia kwa jicho lingine. Angalia maua yalipelekwa kwa nani, na simu ilipigwa kwa nani. Hawa watu walijua kabisa mwenye neno pale ndani ni mama, na walijua kwa sababu baba na mama walikuwa wamekaa pale sebuleni, wanasikiliza, wanauliza, mtoto hakukutana na maskauti peke yake kwenye parkingi. Nyumba yenye msimamo wake inajulikana hata kabla hujafungua mdomo.

Na msipotoshwe na neno milionea. Law alianzia timu ya chini kabisa huko Santa Rosa, California, akapanda taratibu, akafika Pittsburgh mwaka 1950, akashinda mechi 7 na kupoteza 9, maana besiboli ushindi na kushindwa vinaandikwa kwa jina la pitcha. Halafu jeshi likamchukua, misimu miwili yote, 1952 na 1953, hakucheza ligi kubwa. Akarudi kwenye timu ambayo ilikuwa inashika mkia miaka nenda rudi, mwaka 1956 alishinda 8 akapoteza 16. Fikiria huyo ni mtu mzima, ana mke na watoto, anapoteza mara 16 mbele ya maelfu ya watu. Ndo mwaka 1960, akiwa na miaka 30, miaka 12 tangu asaini, alishinda mechi 20 akapoteza 9 na akachukua Cy Young, tuzo ya pitcha bora wa mwaka, ambayo wakati ule ilikuwa moja tu kwa mapitcha wote wa ligi kuu zote mbili, National na American. Kwa hiyo kijana wako wa miaka 16 anayerusha vizuri hajafika popote bado, usianze kuwaambia watu wa nyumbani Kongo kwamba hela inakuja.

Tuongee Jumapili sasa, maana hilo ndo mchungaji wetu aliniuliza la kwanza. World Series ya 1960 Pittsburgh walicheza na New York Yankees, Law akashinda mechi ya kwanza, halafu ya nne tarehe 9 Oktoba, na hiyo siku ilikuwa Jumapili. Alirusha na akashinda 3-2. Huyo ni mtu aliyeendelea kuheshimika kanisani kwake maisha yake yote. Miaka mitano baadaye, tarehe 6 Oktoba 1965, Sandy Koufax, pitcha ambaye ni Myahudi, alikataa kurusha mechi ya kwanza ya World Series kwa sababu iliangukia Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi, na yeye timu yake ya Dodgers ilichukua ubingwa na anaheshimika mpaka leo. Watu wawili wa imani, kila mmoja na uamuzi wake. Mimi siwezi kukupangia wewe, dhehebu lenu mnalijua wenyewe, ila amueni nyumbani kabla msimu haujaanza na kocha aambiwe mapema, na wewe mzazi, kwa sauti yako, hata kama kiingereza chako kinakwama kwama. Ukimwachia mtoto aseme mwenyewe mbele ya timu nzima siku ya mechi unamtwisha mzigo ambao sio wake.

Sisi nyumbani tulikaa na mchungaji, tukakubaliana ibada kwanza, mpira baada ya ibada, na kama mashindano ni mbali kiasi kwamba hawezi kusali basi haendi. Mechi za shule yake hazichezwi Jumapili, shida iko kwenye zile timu za kulipia za kiangazi ambazo kila wikendi ni mashindano Ijumaa mpaka Jumapili jioni. Nilimwambia kocha akaniangalia kidogo, halafu akasema sawa basi nitampanga Ijumaa. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kuhusu tumbaku ya kutafuna ambayo wazee wetu wanaisema sana, ligi za chini walishaipiga marufuku tangu 1993, na ligi kuu mchezaji yeyote aliyeingia kuanzia 2017 haruhusiwi kuitumia uwanjani. Halafu toka 1973 kuna huduma inaitwa Baseball Chapel inayoandaa ibada fupi za Jumapili kwa wachezaji pale pale uwanjani.

Kwa hiyo imani ya mtoto inaweza kulindwa. Kitu ambacho mimi kinanikosesha usingizi ni mkono.

Wikendi moja timu ya kiangazi ilimrushisha kijana wangu Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi wakamuita tena kwa sababu mwenzake ameumia na mechi ni ya nusu fainali. Jumatatu mezani nikaona anakula kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza vipi, akasema hakuna kitu baba. Watoto wetu ndo walivyo, wamelelewa kuheshimu mkubwa na kuvumilia, kocha ni mkubwa, akisema rusha anarusha, maumivu anameza, na hiyo heshima tunayojivunia ndo inayoweza kumharibu kiwiko. Nilimpeleka kwa daktari, akaambiwa apumzike wiki kadhaa asiguse mpira, namshukuru Mungu kano haikuchanika.

Toka siku hiyo naenda uwanjani nahesabu. Kuna mwongozo unaitwa Pitch Smart, umetolewa na ligi kuu yenyewe pamoja na USA Baseball, uko wazi kwenye intaneti na ni bure. Mtoto wa miaka 11 na 12 mwisho ni mipira 85 kwa siku, 13 mpaka 16 ni 95, 17 na 18 ni 105. Halafu kuna mapumziko, na hapa ndo makocha wanapopindisha. Wa miaka 15 au 16 akirusha zaidi ya 30 anapumzika siku moja, zaidi ya 45 siku mbili, zaidi ya 60 siku tatu, akipita 75 ni siku nne nzima. Na kila mwaka mkono upumzike miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo. Kama kijana yuko timu mbili, ya shule na ya kulipia, makocha hawaulizani, kila mmoja anahesabu mipira yake tu, wa kujumlisha ni wewe. Mimi nina daftari. Mwanzoni niliona aibu kukaa na daftari kwenye viti, sasa hivi kocha msaidizi anakuja kuniuliza mimi amefika ngapi.

Law mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1955 alirusha raundi 18 katika mechi moja, wakati mechi ya kawaida ni raundi 9. Na mwaka 1960 wenzake wakiwa kwenye basi wanasherehekea kuchukua ligi ya National, mmoja akawa anamvua kiatu kwa nguvu, kifundo cha mguu kikateguka. Akacheza World Series nacho hivyo hivyo, na kwa kuwa mguu unauma akabadilisha namna ya kurusha, bega likachanika. Kutoka ushindi wa mechi 20 mwaka uliofuata alishinda 3 tu. Mwaka 1963 aliacha kabisa katikati ya msimu. Alirudi 1964, na 1965 akashinda 17, lakini hebu hesabu miaka iliyopotea hapo katikati. Mwambie kijana wako hilo, kwamba mguu ukiuma mkono ndo unaolipa, kwa hiyo akiumia kokote aseme.

Siku hizi watu wanasema hata kano ya kiwiko ikikatika kuna upasuaji wa Tommy John, unaoitwa kwa jina la pitcha wa kwanza kufanyiwa. Ni kweli, Dk. Frank Jobe aliufanya mara ya kwanza 1974 na Tommy John akarudi 1976 akacheza mpaka 1989. Lakini kupona ni mwaka mzima au zaidi, na bima za wengi wetu mnazijua zilivyo. Usikubali mtu akuambie ni kitu kidogo.

La mwisho ni hela na karatasi. Kijana akichukuliwa kwenye drafti, yaani pale timu za ligi kuu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, bado anaanzia ligi za chini, na kwa makubaliano ya 2023 mshahara wa ngazi ya kwanza yenye msimu kamili ulikuwa dola 26,200 kwa mwaka, wa ngazi ya juu kabisa kabla ya ligi kuu dola 35,800. Wengi wetu hapa tunapata zaidi ya hapo kwenye maghala. Pesa ya maana inayopatikana mapema ni ile ya kusaini, na hiyo inategemea amechaguliwa raundi ya ngapi. Kwa hiyo chuo kisitupwe. BYU, chuo cha Wamormoni kule Provo, Utah, hawachezi Jumapili kabisa, na Law mwenyewe alifundisha mapitcha pale baada ya kustaafu, kwa familia inayoshika sana siku ya Bwana hilo ni la kujua. Kama ataamua kusaini akitoka haiskuli, timu zina utaratibu wa kuweka ada ya chuo ndani ya mkataba, lakini ni jambo la kuulizia wakati mnazungumza, kabla ya sahihi, maana baada ya hapo hakuna atakayekukumbusha. Na siku hiyo nenda na mtu anayesoma kiingereza cha mikataba vizuri, asiwe mtoto mwenyewe ndo anakutafsiria.