Mambo Ambayo Mwenyeji Hakuelezi: Kwa Anayekwenda Kusoma Ujerumani

Wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani huniuliza zaidi kuhusu baridi, ada na viza, mambo ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa na ofisi za vyuo. Yaliyonichosha akili nilipokuwa Bayreuth, mji wa jimbo la Bavaria ambao chuo kikuu chake kinafahamika kwa masomo ya Afrika na Kiswahili, ni yale ambayo wenyeji hawakumbuki kumweleza mgeni kwa kuwa wameyazoea mno.

Chukua saa. Sisi tuliokulia katika saa za Kiswahili hugeuza hesabu kila tunapozungumza na wageni, kwa hiyo hudhani kwamba hapo hatuwezi kukwama. Lakini Mjerumani akisema "halb drei", yaani "nusu tatu", anahesabu nusu ya kuiendea saa tatu: ni 14:30, saa nane na nusu mchana kwetu. Bayreuth utasikia pia "viertel drei", nayo ni 14:15. Kabla hamjaachana, rudia muda kwa tarakimu. Hakuna atakayekuona mjinga, maana Wajerumani wa mikoa mingine nao hukwama hapo. Katika ratiba ya chuo tazama herufi zinazofuata muda: "c.t." maana yake kipindi kitaanza robo saa baadaye, na "s.t." kitaanza dakika ileile. Robo saa hiyo ni ya chuoni tu. Usiende nayo kwa daktari.

Heshima ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi. Shikamoo yetu hufuata umri, na mdogo huitoa hata kwa mzee asiyemjua. "Sie" ya Wajerumani, yaani "wewe" ya heshima, hufuata umbali uliopo baina ya watu: watu wazima wasiojuana huitana hivyo pande zote mbili, profesa mwenye mvi akimwambia hivyo mwanafunzi wa miaka 20, ilhali wanafunzi kwa wanafunzi huitana "du", yaani "wewe" ya kawaida, tangu siku ya kwanza. Darasani kwetu alikuwamo mama wa makamo aliyetaka tumwite kwa jina lake tupu, na kwa mtu aliyelelewa Tanga hilo si jepesi; ulimi ulinikatalia kwa muda mrefu, ingawa yeye aliona kwamba kumtenga ndiko kungekuwa utovu wa adabu. Nje ya wanafunzi wenzako anza na "Sie", kisha mwachie aliyekuzidi umri au cheo akukaribishe kwenye "du".

Wala usiamini maneno ya kwamba watu hawa hawasalimiani. Ndani ya basi, kweli, kila mtu na lake. Ingia lakini kwenye chumba cha kusubiria daktari: anayeingia huwasalimu wote waliokaa, nao huitikia, kisha kimya kinarudi, na anayetoka huaga. Usiposalimu hapo, wanaona. Chuoni nako, mhadhara ukiisha, wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na hayo ndiyo makofi yao.

Namna ya kuyajua haya ni kutazama wengine wanavyofanya, halafu kuuliza swali la jambo moja. Ukimwuliza Mjerumani utamaduni wao ukoje, atakusimulia habari za bia na soseji. Mwulize badala yake, "Nikimwandikia mwalimu huyu barua pepe, naanzaje?" Atakutajia hadi mahali pa kuweka mkato, na mara nyingi ataongeza mawili matatu ambayo hukuwa na akili ya kuyauliza.

Kwa Jumapili usingoje kuuliza. Maduka karibu yote hufungwa, majirani hutarajia utulivu, na hata kutupa chupa kwenye mapipa ya vioo hukatazwa kwa sababu ya kelele. Bavaria maduka ya kawaida hufungwa saa mbili usiku siku nyingine, kwa hiyo unga na mafuta ya kupikia vinunuliwe Jumamosi mchana. Ukisahau, yapo maduka ya vituo vya mafuta, lakini bei zake zitakukasirisha.